Pembe ya Baba: Nasaha kwa Wajukuu wa Rubya

Wajukuu zangu wa Rubya, na ninyi mliotawanyika Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam kutafuta maisha, nisikilizeni. Nina miaka 75. Miaka 34 kati ya hiyo niliitumia wodini nikiwa muuguzi, na sasa nipo kibanjani kwangu napogoa migomba na kupokea wageni. Mzee akiwaita watoto wake wakae chini, ujue kuna jambo linalomnyima usingizi. Langu ni hizi tiba mnazoziita za Kichina na za asili, mnavyozikimbilia na mnavyozisimulia.

Krismasi iliyopita mjukuu wangu mmoja, dereva wa bodaboda, alivua shati ili anisaidie kukata mikungu. Mgongoni alikuwa na alama nane za mviringo, zimepangwa mbili mbili kutoka mabegani hadi kiunoni, rangi yake kama zambarau iliyoiva, kila moja ukubwa wa kitako cha kikombe cha chai. Nilidhani amepigwa. Akanitoa hofu: "Hapana, bibi, ni tiba ya Wachina. Nimewekewa vikombe mjini, vinavuta sumu yote mwilini. Shilingi elfu 30 tu." Akatoa na simu, akanionyesha picha ya yule mwogeleaji wa Marekani, Michael Phelps, akiwa na alama hizo hizo kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016.

Nikaingia ndani, nikarudi na pembe ya ng'ombe iliyokauka, nyeusi kwa mafuta ya mikono ya watu. "Hii ndiyo tiba yako," nikamwambia. "Ilikuwa ya baba yangu."

Sikilizeni niwaeleze, maana wengi wenu hamkuiona ikifanya kazi. Pembe hukatwa ncha, ikatobolewa tundu dogo. Baba alikuwa akimkalisha mgonjwa kwenye kigoda, anambandika mdomo mpana wa pembe penye maumivu, anavuta hewa kwa kinywa kupitia lile tundu, kisha kwa ncha ya ulimi analiziba kwa nta aliyokuwa ameihifadhi shavuni. Pembe inang'ang'ania. Ngozi inapanda ndani yake kama unga uliotiwa hamira. Akiiondoa, inabaki alama ya mviringo. Watu wa pwani huita kuumika, au kupiga chuku. Waislamu wana hijama yao. Wachina walitumia pembe na mianzi kabla ya kufika kwenye vikombe vya kioo, wanavyovipasha kwa moto ili hewa ya ndani ipungue. Kazi ni ile ile. Na zile alama si sumu iliyotoka. Ni damu iliyovilia chini ya ngozi kwa kuvutwa, kama inavyovilia ukijigonga kwenye kona ya meza.

Je, inasaidia? Mgongo uliokaza kwa mizigo na shingo iliyokakamaa hupata nafuu ya muda, na nimewaona watu wakiinuka kwenye kile kigoda cha baba wakitembea wima. Sitawaficha hilo. Lakini Kiswahili chetu kilikwisha kututahadharisha. Kupiga chuku ni kumuumika mtu, na kupiga chuku pia ni kuikuza habari kupita ukweli wake. Pembe huvuta nyama ikavimba, na msimulizi huvuta jambo likavimba. Ugomvi wangu sio na chuku ya mgongoni, wajukuu zangu. Ugomvi wangu ni na chuku ya mdomoni: kwamba kikombe kinatibu presha, kisukari, uvimbe wa kizazi na ukosefu wa watoto, vyote kwa kikao kimoja.

Ninasema hivi kwa sababu ya kaburi lililo hapa hapa kibanjani.

Mdogo wangu wa kiume alianza kuumwa kichwa cha kisogoni akiwa na miaka 49. Jamaa wa ukoo aliyerithi kazi ya baba akawa anamuumika kila Jumamosi. Akitoka pale anasema kichwa kimekuwa chepesi, analala vizuri siku mbili, siku ya tatu maumivu yanarudi. Ilikwenda hivyo miezi saba. Mimi dada yake, muuguzi, niliyekuwa nikipima presha za watu wasio ndugu zangu kutwa nzima, sikumfunga mkanda wa presha hata mara moja. Aliniambia pembe inamsaidia, nami nikaridhika. Asubuhi moja alikuwa akipogoa migomba, kisu kikamponyoka mkono wa kulia. Alijaribu kuniita, mdomo ukawa umekwenda upande. Tulipomfikisha hospitalini presha ilisoma 230 kwa 130. Aliishi siku nne.

Pembe ile haikumuua. Ilimpa nafuu ndogo ya kutosha kutulaza sisi sote usingizi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na presha haihitaji hata kufichwa, maana hujificha yenyewe; mtu anatembea nayo miaka bila dalili yoyote. Kwa hiyo neno langu la kwanza ndilo hili, na kama mtasahau mengine yote, hili mlishike: pima kwanza, ndipo utulize. Kichwa kikiuma mara kwa mara, maumivu ya mgongo yakiambatana na ganzi ya miguu, homa ikipanda, uzito ukipungua bila sababu, jua jina la ugonjwa kwanza. Ukishalijua, ukitaka kukandwa, kandwa. Ukitaka vikombe, weka vikombe.

Neno la pili ni la damu. Pembe ya baba ilikuwa na namna mbili: pembe kavu, na pembe ya chale, ambapo ngozi huchanjwa kwanza kwa wembe ili damu itoke. Nilipokuwa mtoto wembe ule ulikuwa mmoja. Ulifutwa kwa jani la mgomba, akakaa mwingine.

Ninyi mmezaliwa baadaye, hamkuiona Kagera ya miaka ya 1980. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu, mwaka 1983. Ugonjwa ulienea zaidi kwa njia ya kujamiiana, lakini damu kwa damu nayo ni njia, na wembe wa watu wengi ni daraja. Nimekaa na wagonjwa waliobaki mifupa na macho. Nimeona vibanja vikibaki na bibi na wajukuu tu, kizazi cha katikati kimekwenda. Watu walijaribu kila jani na kila kikombe, na siwalaumu, maana hospitali hazikuwa na la kuwapa. Serikali nayo haikukataa kujaribu: mwaka 1987 madaktari wa tiba ya jadi ya Kichina walianza kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI Muhimbili. Lakini kilichokuja kuwainua watu vitandani ni dawa za kufubaza virusi, zilizoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Ndiyo maana mwaka 2011, watu walipomiminika Loliondo kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, niliomba usiku na mchana kwamba wasiziache zile dawa. Wapo walioziacha.

Tena msidhani hayo ni ya zamani. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba Vijijini, Januari 2025 ukatangazwa Biharamulo. Unaanza na homa na maumivu ya mwili kama malaria, na unaambukiza kwa damu na majimaji ya mgonjwa. Mwenye homa haumikwi. Hachanjwi. Hapigwi sindano za Kichina. Mwenye homa anakwenda kupimwa. Na yule mzima anayetaka vikombe vya chale au tiba ya sindano, pakiti ya wembe au ya sindano ifunguliwe mbele ya macho yake, na ikishatumika itupwe akiona. Mtoa tiba akichukia kuulizwa, vaa shati lako uondoke.

Sasa msije mkasema bibi ni mtu wa hospitali, anadharau majani. Nimelelewa kwa omubilizi, ule mti mchungu ulio kando ya vibanja vyetu, na mama alikuwa akituogesha na kutunywesha maji yake tukiwa na homa. Watafiti wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili walikuja mpaka Bugabo na Katoro huko Bukoba, wakakaa na waganga wetu, wakaandika miti yao. Mti wenu una heshima. Hebu niwape kisa chake kimoja kutoka mkoa wa Kigoma.

Novemba 1987, kwenye milima ya Mahale, mtafiti Michael Huffman alikuwa msituni na mzee wa Kitongwe, Mohamedi Seifu Kalunde. Wakamwona sokwe jike aitwaye Chausiku, mnyonge, hana hamu ya kula. Chausiku akauendea mti ambao Watongwe huuita mjonso, nao ndio huo huo mubilizi wetu. Akavunja shina changa, akamenya gome, majani akayaacha, akatafuna ule moyo wa ndani, akameza maji yake na kutema nyuzi. Mzee Mohamedi akamwambia mgeni wake kwamba kwao huo ni mti wa dawa. Kesho yake Chausiku alirudi kwenye nguvu zake, akala kama kawaida. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba gome na majani aliyoyaacha yana sumu zaidi kuliko ule moyo alioutafuna.

Mmeona alivyofanya? Alikuwa mgonjwa. Alichagua sehemu. Alichukua kiasi. Alipopona aliacha. Nanyi mnasaga majani kwenye blenda, mnakunywa jagi zima kila alfajiri mkiwa wazima, eti kusafisha mwili. Mwili umepewa ini na figo, nazo husafisha usiku na mchana bila kulipwa. Ukizirundikia mzigo wa machungu kila siku unazichosha. Dawa isiyo na kipimo ni jani tu, na majani mengine yanaua. Na kama unatumia vidonge vya kisukari au presha, ukaongeza na mubilizi au unga wowote, mwambie daktari. Mjamzito asinywe chochote cha kuchemsha bila kuuliza, na mtoto mchanga asinyweshwe kabisa.

Kuhusu Wachina wenyewe, jifunzeni kwao kilicho bora. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mama mmoja, Tu Youyou, akakabidhiwa kikosi. Alikusanya mapishi zaidi ya 2,000 ya tiba za kale za kwao. Mmea mmoja, ambao wataalamu huuita artemisia, ulionyesha dalili njema, kisha ukashindwa, kisha ukaonyesha tena. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong, cha miaka kama 1,600 iliyopita, akagundua kwamba tabibu yule hakuuchemsha: aliulowesha kwenye maji, akakamua. Tu Youyou akatambua kwamba moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Akatumia kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 sampuli yake namba 191 ikawaondoa vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata akaimeza yeye mwenyewe kwanza, kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Dawa ile mnaijua. Ndiyo iliyomo ndani ya dawa mseto, mnayopewa hospitalini hapa Rubya na kwenye kila zahanati ya Muleba, ambayo imekuwa dawa ya chaguo la kwanza ya malaria nchini tangu mwaka 2006, baada ya klorokwini na kisha SP kushindwa. Hiyo ndiyo tiba ya Kichina iliyowaokoa wengi wenu mkiwa na miaka miwili. Haikupatikana kwa kutangazwa. Ilipatikana kwa kupimwa, kushindwa, kupimwa tena, na kujulikana kiasi chake hadi kidonge cha mwisho.

Mnafanyaje na zawadi hiyo? Mtu mzima hupewa vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta. Mnakunywa vinane, homa inashuka, kumi na sita mnavifunga kwenye kitambaa kwa ajili ya homa ijayo au ya jirani. Wengine wanakunywa chai ya majani ya artemisia, wakidhani ni kitu kimoja. Shirika la Afya Duniani limekataa matumizi hayo, kwa sababu kiasi cha dawa ndani ya chai hakijulikani, na dozi pungufu humfunza mdudu kuvumilia. Na mdudu ameanza kujifunza. Watafiti wetu wamekwisha kuthibitisha kwamba Karagwe, mkoani kwetu, vimelea vya malaria vimeanza kustahimili dawa hii. Karagwe si mbali. Malizeni dozi, wanangu. Kila kidonge mnachokibakiza mnakiiba kwa mtoto ambaye hajazaliwa.

Neno la tatu: neno "asili" lisiwalevye. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake walikwenda kliniki ya kupunguza mwili, wakapewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Ndani yake ulichanganywa mmea usiokusudiwa, wa jamii ya aristolokia. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Ulikuwa mmea halisi wa asili. Ninawaona mabinti zangu na chai za kukata tumbo, hazina maandishi unayoweza kuyasoma, nami nawakumbuka wale wanawake.

Binti wa jirani yangu aliingia kwenye ofisi moja mjini, akashikishwa kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta. Baada ya dakika mbili mashine ikatoa kurasa 11: figo dhaifu, moyo dhaifu, kizazi kina sumu, ubongo hauna hewa. Aliyempima ndiye aliyemuuzia makopo ya dawa, shilingi 280,000, fedha ya kahawa ya baba yake. Alikuja kwangu analia kwamba anakufa. Tukaenda akapimwa damu na mkojo. Alikuwa na upungufu wa damu kidogo. Hakuna kifimbo kinachoshikwa mkononi kikasoma figo na kizazi. Anayepima na anayeuza akiwa mtu mmoja, shika mkoba wako. Nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na ina Baraza lake linalosajili waganga, vituo na dawa. Omba uone cheti. Mganga wa kweli hakichukii cheti chake kusomwa.

Mtaniuliza, "Bibi, basi wewe unajitunzaje?" Ninawaambia, na hakuna utakalolinunua kwa bei kubwa.

Ninalala kabla ya saa nne, ndani ya chandarua. Mkiona chandarua ni kitu kidogo, kumbukeni kwamba ni katika vijiji vya Muleba hii ndipo watafiti walipothibitisha kwamba vyandarua vilivyoongezewa kiambato cha kuwadhoofisha mbu sugu vinazuia malaria kuliko vile vya kawaida, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Dunia ilijifunza kutoka kwetu.

Alfajiri ninatembea kwenda Misa na kurudi, mlima na mteremko. Nikifika ninanyoosha mikono, kiuno na magoti polepole kabla ya kushika jembe. Wazee wa China hukutana viwanjani asubuhi wakifanya taichi, mwendo wa taratibu kama mtu aliye ndani ya maji, na imethibitika kwamba huwapunguzia wazee kuanguka. Hilo la kwao nimelipenda. Ndizi kwa maharage, mboga za majani, dagaa wa ziwa letu, chumvi kidogo. Jioni beseni la maji ya uvuguvugu kwa miguu iliyochoka, na mgongo ukikaza, mtu wa kunikanda kwa samli. Mafua yakinibana ninajifukiza kwa mchaichai, lakini sufuria naiweka chini mahali pasipo mtoto, kwa kuwa nimefunga bendeji nyingi za watoto waliomwagikiwa. Mafua hayo yakigeuka homa, ninakwenda kupimwa kama mnavyokwenda ninyi.

Siku ile ya Krismasi nilimkalisha mjukuu wangu kwenye kigoda cha baba, pembe ikiwa mapajani mwake. Nikamuuliza anabeba nini kwenye pikipiki. Akasema kreti za soda, tano tano, na kiti kimelegea miezi miwili. Mgongo ulikuwa umejibu wenyewe. Kisha nikaleta mkanda wa presha nikamfunga mkononi, kaburi la babu yake mdogo likiwa hatua kumi kutoka tulipokaa. Alikaa kimya nikipampu. Ilisoma 124 kwa 78.

Akaniuliza, "Ni nzuri, bibi?"

Nikamwambia ni nzuri kwa leo, na aje Pasaka nimpime tena.